Mitutu pandana kwa mfuko wa kawaida

Bei ya bunduki haiishii pale unapohesabu noti ukapewa risiti. Nalitanguliza hili kwa sababu kila kijana wa shamba anayenifuata na kibali chake mkononi huanza na bei: ipi rahisi, ipi ya kati, ipi angojee mavuno mengine ya karafuu ndipo aiweze. Mimi humuuliza kwanza: utapiga nini, utapiga mara ngapi kwa mwaka, na siku springi ikivunjika utampelekea nani? Akishanijibu, nusu ya bunduki zilizomo kichwani mwake zinajiondoa zenyewe.

Nazungumzia bunduki ya marisau, yaani inayotupa chembe nyingi za risasi kwa pamoja, yenye mitutu miwili, mmoja umepanda juu ya mwengine, ile inayokunjika katikati ukatia risasi mbili kwa mkono. Nitaiita mitutu pandana. Inaweza kumtumikia mtu yule yule kondeni anapolinda muhogo wake kwa nguruwe, kichakani anapotafuta kanga wa kitoweo, na kiwanjani anapovunja visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa shabaha. Viwanda vikubwa vinazo za bei ya gari. Mimi namwandikia ambaye gari lenyewe hana, ila bunduki anaihitaji, na akiinunua anataka iishi kuliko yeye.

Karatasi kwanza. Silaha ni kazi ya polisi, na polisi ni jambo la Muungano. Unguja na Pemba hakuna njia ya mkato. Asiye na kibali asitafute bunduki. Na asiye na sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani, asitafute hata kibali, kwani nyumba zetu zina watoto, na watoto wa ndugu, na watoto wa jirani wanaoingia bila hodi.

Sasa kwa nini mitutu pandana, wakati zipo za kujipakia zenyewe zinazouzwa rahisi zaidi na zinabeba risasi nyingi? Sababu yangu kubwa ni usalama, na hapa nitakaa kidogo.

Aliyewahi kwenda msako wa nguruwe kwenye maweni ya kusini, upande wa Muyuni au Makunduchi, anajua hali ilivyo. Chini ni jiwe la bahari lenye meno, kila hatua unatafuta pa kuweka mguu. Vichaka vimefungana mpaka kifuani. Watu wametandazwa mstari, wengine na mikuki, wengine na nyavu, mbwa wako mbele wanabweka huku na huku, na nguruwe akitoka hutoka kwa kasi, chini chini, pengine anapita katikati ya watu wawili. Mwenye bunduki ndiye mtu wa hatari kuliko wote pale, kuliko hata dume la nguruwe. Wenzake hawamuoni vizuri, na hawawezi kujua kama ile silaha imejaa au tupu.

Mitutu pandana ikikunjwa ikaning'inia kwenye mkono, kila mtu anaiona. Ukisimama nyuma yake unaona mwanga upande wa pili wa mitutu. Haina risasi ya siri iliyobaki tumboni. Ami yangu, msasi wa miaka mingi, akiona tu mstari unaanza kuzunguka kilima alikuwa akiniambia bila kunyanyua sauti: "Mwanangu, ikunje. Watu wako mbele." Naikunja, natoa risasi, naziweka mfukoni, mpaka mstari upite. Ya kujipakia ingetaka nivute, nichungulie, nihakikishe, na bado jirani yangu angekuwa ananiamini kwa maneno tu.

Sababu ya pili ni kwamba una mitutu miwili yenye tabia mbili. Wa chini unatawanya marisau mapema kwa kilicho karibu, wa juu unayabana yafike mbali. Sababu ya tatu ni jicho. Mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu, kama zile kongwe za Kiingereza zilizobaki kwa baadhi ya familia, hukupa uwanja mpana mbele ya macho. Mitutu pandana hukupa mstari mmoja mwembamba, na kwa mtu anayejifunza kulenga kitu kinachoruka huo mstari ni msaada mkubwa.

Bunduki hii kama tunavyoijua leo ina deni kwa Mmarekani John Moses Browning. Mitutu pandana ilikuwepo kabla yake, lakini ilikuwa kazi ya mafundi wachache waliomtengenezea bwana mmoja mmoja kwa mkono. Browning alitaka ya kiwandani, ambayo mtu wa kawaida ataimudu. Alifariki 1926 kazini, katika kiwanda cha silaha cha FN huko Herstal, Ubelgiji, bunduki haijafika sokoni bado. Mwanawe Val akaiendeleza, na 1931 ikaanza kuuzwa kwa jina la Superposed. Ila kazi ya mkono ilibaki nyingi ndani yake na bei ikawa inapanda, mpaka kampuni ya Browning ikageukia Japani, kwa kiwanda cha Miroku, na 1973 ikatoka Citori, yenye umbo lile lile la mzee kwa gharama ndogo zaidi. Ndiyo maana nikisikia mtu anauza Miroku iliyotumika na kutunzwa, namwambia mwenzangu aende akaitazame hata kama rangi imechujuka.

Upande wa pili wa ukoo ni Waitalia wa Gardone, katika bonde la Trompia karibu na Brescia, kwenye kiwanda cha Beretta. Beretta wanayo hati ya 1526 ya mitutu 185 waliyowauzia watu wa Venisi, enzi ambayo Mreno ndio kwanza anaitawala pwani yetu. Tofauti ya koo hizi mbili iko kwenye bawaba, na inamhusu mnunuzi moja kwa moja. Kwa Browning na Miroku, mitutu inazunguka kwenye pini nene iliyokata mwili wa bunduki upande hadi upande, na kufuli iko chini ya mtutu wa chini. Matokeo yake mwili ni mrefu kwenda chini, mzito kidogo, na una nguvu za kudumu. Kwa Beretta hakuna pini ya kukatisha. Kuna vishikio viwili vifupi ubavuni, na kufuli iko juu, usawa wa mitutu. Mwili unakuwa mwembamba na mwepesi mkononi. Zote mbili zikilegea hurekebishika: pini hubadilishwa, na vishikio vya Beretta vipo vya kubadilisha vilivyozidi kidogo unene kwa ajili hiyo hiyo. Bunduki ambayo aliyeitengeneza alifikiria siku itakapochakaa, hiyo kwangu ndiyo ya bei nafuu.

Tukiacha hizo mbili, mwenye mfuko wa kawaida atakutana na Mrusi na Mturuki.

Ya Kirusi ni ile ya Izhevsk, IZH-27, ambayo baadaye iliitwa MP-27 na inajulikana zaidi kwa jina la Baikal. Imekuwa ikitengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nzito, ngumu kufungua ikiwa mpya, mbao zake za kawaida, na hakuna atakayeisifia uzuri. Lakini chuma chake ni chuma, ndani ya mitutu imepakwa krome, na muundo wake ni wa mtu aliyejua kuwa itakaa kwenye banda la mkulima. Zipo zenye vifyatulio viwili na zipo za kimoja. Ningeambiwa nichague bunduki ya kulindia shamba la mpunga Cheju kwa miaka 30 bila fundi karibu, ningeichukua hii, ya vifyatulio viwili, bila kufikiri mara mbili.

Waturuki wana mji mzima wa bunduki, Huğlu, katika mkoa wa Konya, ambako mafundi waliungana kuunda ushirika miaka ya 1960, na viwanda vyengine vimetapakaa nchini. Wanauza kwa majina yao na kwa majina ya kampuni za nchi nyengine, kwa hivyo bunduki yenye chapa ya Kimarekani au ya Ulaya huenda imetoka huko huko. Uzuri wao ni mbao za mti wa jozi, ambazo Uturuki inazo bora, na bei inayoshikika. Shida ni kwamba hazilingani. Kiwanda hiki kinatoa kitu cha kuaminika, jirani yake anatoa kinachong'aa nje na ndani kina springi laini. Nyingi zina mwili wa aluminiamu ili ziwe nyepesi. Kwa msasi anayetembea sana na kupiga kidogo, aluminiamu inafaa. Kwa mtu wa visahani anayepiga mamia ya risasi, mimi nasema chuma, kwa sababu wepesi ule unarudi begani kila unapofyatua.

Kwenye kifyatulio ndiko bunduki rahisi nyingi zinakoanza kusumbua. Kifyatulio kimoja cha kupigia mitutu yote miwili kina namna mbili za kufanya kazi. Moja hungojea teke la risasi ya kwanza ndipo ijiandae kwa ya pili. Nyengine hujiandaa yenyewe, teke lisiwepo. Sasa fikiria risasi iliyokaa kwenye unyevu wetu miezi: unafyatua, fataki, yaani kiwashio cha nyuma ya risasi, haiwaki, teke halipo, na kwa namna ya kwanza mtutu wa pili umelala. Mbele yako kuna nguruwe aliyejeruhiwa, pamoja na mbwa. Muulize muuzaji ni ya namna gani, na usiridhike na jibu la mdomo. Tia risasi za bandia, fyatua mara moja, kisha fyatua tena bila kuigonga bunduki popote. Ukisikia mlio wa pili, umejua. Ya vifyatulio viwili haina maneno hayo, na kwa msako naipenda zaidi, ingawa wapigaji visahani wengi hawaitaki.

Risasi isipowaka, jambo moja zaidi: usiikunje papo hapo. Iache imeelekea pahala salama kwa muda, huenda inachelewa.

Chumvi, sasa. Unguja hakuna pahala palipo mbali na bahari, na upepo ukivuma kusi au kaskazi umebeba chumvi. Bunduki iliyokaa miaka 20 kwenye kabati la Ulaya bila doa inaweza kupata kutu hapa ndani ya msimu mmoja wa masika. Kwa hivyo krome ndani ya mitutu, ambayo mnunuzi wa nchi kavu huihesabu kuwa nyongeza tu, hapa ni sharti. Ile rangi nyeusi ya buluu ya nje haizuii kutu peke yake. Inashika mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia. Mafuta membamba ya cherehani yanafaa ikiwa huna ya bunduki. Ya kupikia usiyaguse, yanaganda yakawa gundi ndani ya vifyatulio. Ukirudi kutoka kichakani, jasho la kiganja chako ni chumvi pia, basi futa kila ulipopashika kabla hujala. Na usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa, hata uwe mzuri vipi. Mfuko ni wa safari. Ukiuacha sandukuni unanyonya unyevu na kuukumbatisha chuma usiku kucha.

Kwa sababu ya haya yote, bunduki iliyotumika inataka macho kuliko mpya. Nikiitwa kuitazama moja, naomba mkeka na mahali penye dirisha. Naikunja kuhakikisha ni tupu, kisha naivua vipande vitatu: ubao wa mbele, mitutu, na mwili wenye kitako. Mitutu nainyanyua kwa kidole kimoja kupitia ndoano yake ya chini, naiacha ining'inie, naigonga taratibu kwa ukucha wa mkono wa pili. Mitutu mizima hulia kama kengele, sauti ikasafiri. Ikijibu kwa sauti ya kopo, basi ule uti wa juu, ukanda mwembamba uliopita juu ya mitutu, au viungo vya katikati vimeachia mahala, na kutu iko chini yake isikoonekana. Halafu nachungulia ndani kuelekea dirishani. Mwanga huchora pete ndani ya mtutu, pete safi, moja nyuma ya nyengine. Pete ikipinda, pana bonde. Vidoadoa vyeusi mbele ya chumba cha risasi ni kutu iliyokula. Vichache havijaua bunduki, vingi nafunga mkeka.

Nairudisha mitutu mwilini bila ubao wa mbele, naifunga, nashika kitako na kutikisa. Isicheze hata kidogo. Natazama wenzo wa kufungulia ulipolala: kwa bunduki nyingi, ikiwa mpya, wenzo hukaa umeelekea kulia kidogo, na kadiri kufuli inavyolika ndivyo unavyosogea katikati, na ukivuka kushoto ujue kuna kazi ya fundi. Nalamba kidole, napitisha mahali kitako kinapokutana na chuma. Ufa mwembamba huonekana mbao ikilowa. Mwisho naangalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu amezifungua bila chombo chake, na sijui alichokifanya ndani.

Kuna kasoro moja haionekani kwa macho wala kwa kidole, na ndiyo inayowapata wanunuzi wa bunduki rahisi mpya: mitutu miwili isiyopiga pahala pamoja. Kuiunganisha mitutu ili yote ilenge nukta moja ni kazi ya ustadi, na kiwanda cha haraka huiruka. Pahala palipoidhinishwa, tundika karatasi kubwa ya khaki, simama mita 35, weka alama katikati, piga mtutu wa chini. Badilisha karatasi, piga wa juu. Mawingu mawili ya marisau yawe na kitovu kimoja. Moja likiwa limehama kwa upana wa kiganja, unaweza kuishi nalo. Likihama nusu mita, rudisha bunduki, kwani hakuna mazoezi yatakayolitibu.

Habari ya kipimo nitaipitia haraka. Chukua geji 12. Jina hilo linatokana na ratili moja ya madini ya risasi kugawanywa madonge 12. Donge moja ndilo linalojaza mtutu, kiasi cha milimita 18.5. Geji 20 ni nyembamba na ya kupendeza kubeba, lakini risasi za 12 ndizo zinazopatikana kwa urahisi na kwa aina nyingi. Ukiwa nazo zote mbili nyumbani, usizichanganye kamwe mfukoni. Risasi ya geji 20 inateleza ndani ya mtutu wa 12 ikakwama mbele, mtu akadhani hajatia kitu, akatia ya 12 nyuma yake, na mtutu ukapasuka mkononi mwake. Ndiyo sababu za geji 20 hutengenezwa za rangi ya manjano. Angalia pia urefu wa chumba uliochorwa kwenye mtutu, milimita 70 au 76. Risasi ya 76 huingia kwenye chumba cha 70 bila kulalamika, kwa sababu urefu wake hupimwa ganda likiwa limefunguka. Hatari inakuja inapofyatuka, ganda likikosa nafasi ya kufunguka.

Uzito na urefu ndipo kazi mbili zinapogombana. Kichakani unataka bunduki fupi, isiyozidi kilo 3 sana, usichoke na usikwame matawini. Kiwanjani unataka kilo 3.5 na zaidi na mitutu mirefu ya sentimita 76, ili ikianza kuzunguka na kisahani iendelee kuzunguka. Suluhu yangu ni mitutu ya sentimita 71 na uzito wa kilo 3.2 hivi. Si bingwa wa upande wowote, lakini haimwangushi mtu upande wowote. Atakayekwambia ununue mbili ana mfuko mwengine.

Kitako kinakuhusu wewe na mwili wako tu. Bunduki ya marisau hailengwi kwa kufumba jicho na kupangilia kama ya risasi moja; inapanda begani, shavu linakaa juu ya mbao, na pale linapotazama jicho ndipo inapopiga. Shavu likikaa juu mno unapitisha juu, likikaa chini huoni kitu. Viwandani wanapima urefu wa kitako kwa mtu wa kule, na yule mara nyingi huvaa koti nene. Sisi tuna shati jepesi, kwa hivyo bunduki ile ile inakuja fupi kwetu, kidole gumba kikagonga pua. Kipande cha mpira cha kuongeza nyuma ya kitako ni cha bei ndogo na hutibu hilo. Jaribu hivi: hakikisha ni tupu, fumba macho, ipandishe begani kama kawaida yako, fumbua. Ukiona uti wote umelala na shanga ya kulengea ya mbele imekaa katikati, ni yako. Ukilazimika kupindisha shingo kuitafuta shanga, mwenzako aichukue.

Choki, yaani ule mbano wa mwisho wa mtutu, wengi wanaitukuza kupita kiasi. Kwa geji 12 mbano kamili ni kama milimita moja tu. Kipimo cha kawaida ni duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na nusu: mtutu usio na mbano hutia ndani ya duara asilimia 40 ya marisau, mbano wa robo asilimia 55, wa nusu 60, kamili 70. Bunduki yenye choki za kufungua na kubadilisha inakuokolea pesa, kwa sababu ndiyo inayogeuza bunduki moja kuwa ya kazi mbili. Mimi huacha robo chini na nusu juu, na naondoa mkono. Kwa kanga marisau namba 5, kwa visahani namba 7 na nusu, kwa nguruwe SG, yaani marisau makubwa. Donge zima, yaani risasi ya donge moja badala ya marisau, usilipitishe kwenye mbano kamili. Na choki zipakwe mafuta kwenye nyuzi zake na kufunguliwa mara kwa mara, la sivyo chumvi itazichomelea pale milele.

Risasi ndizo zinazokula pesa, na hapa narudi kwenye bei. Kwa tofauti ya bei ya bunduki ya kati na ya juu ungeweza kununua makasha mengi ya risasi, na makasha ndiyo yanayomfanya mtu apige vizuri. Anayenunua Beretta mpya kisha akakosa pesa ya mazoezi atashindwa na kijana mwenye Baikal na mkono uliozoea. Chukua gramu 24 au 28 kwa mazoezi. Olimpiki yenyewe haikubali zaidi ya gramu 24, na wanavunja.

Visahani nilivijua kwa jamaa zangu wa Maskati, na tangu hapo msako wangu umebadilika. Kisahani ni kidogo, milimita 110 upana, gramu 105 hivi, na kwenye mashindano ya visahani yaitwayo trap kinarushwa umbali wa mita 76, kikitoka kwa kasi ya gari la barabara kuu. Ulikuwa wakati wanapiga njiwa hai. Hata Paris 1900 palikuwa na shindano la hivyo. Mmarekani George Ligowsky alileta kisahani cha udongo 1880, na leo hata udongo haumo, ni lami na unga wa chokaa. Kisahani hakijeruhiki kikaenda kufia kichakani. Ukikosea unakiona kinaondoka kizima, unajua umechelewa au umesimamisha mkono, unaita chengine. Kanga hakupi nafasi hiyo, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea ni dhima shingoni mwa aliyempiga. Kwa hivyo namshauri kila kijana avunje visahani kwanza, akivuka Bara au Uarabuni, kabla hajamnyanyulia kiumbe bunduki. Nyumbani, kati ya safari, risasi za bandia na kioo cha kabati: kupandisha begani, kushusha, kupandisha, kila jioni kidogo.

Na asidhani mchezo huu ni wa Wazungu. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Falme za Kiarabu, dhahabu ya Athens 2004, aliileta Sheikh Ahmed bin Hasher Al Maktoum kwa visahani. Ya kwanza ya Kuwait, Sydney 2000, ilikuwa ya Fehaid Al-Deehani, visahani vile vile, na 2016 huko Rio akachukua dhahabu. Watu wa dini yetu na wa bahari yetu.

Kuhusu nini kipigwe na nini kiachwe, sitaki maneno mengi. Paa nunga amebaki kwetu na kwenye misitu michache ya pwani, asipigwe. Kima punju asipigwe. Popo wa Pemba alikaribia kwisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, akarudi kwa sababu watu wa vijiji kama Kidike walimlinda, asipigwe. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 ipo, na maofisa wa misitu wapo, waulize kabla ya kila msimu. Kilicho halali, piga bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kikali kiwe kiunoni, ukimkuta bado ana uhai umchinje upesi.

Basi kijana mwenye pesa za kadiri, afanye hivi. Atafute kwanza Miroku au Beretta iliyotumika, yenye pete safi ndani ya mitutu na wenzo uliobaki kulia. Asipoipata, achukue Baikal mpya au iliyotunzwa, avumilie uzito. Ya Kituruki aichukue ikiwa ni ya chuma, imepita mtihani wa karatasi ya khaki, na muuzaji anakubali kuirudisha. Nakshi za ndege na majani ubavuni asizilipie hata senti. Na kabla hajatoka dukani, aombe pini mbili za kugongea fataki, springi zake na choki moja ya akiba, alipe siku hiyo hiyo, kwani kuziagiza baadaye kutoka huku visiwani kunachukua miezi, na nguruwe hawangoji mzigo ufike bandarini.